Barua kwa mwanangu anayerudi kazini

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu siku hizi ya kusikia yanakuponyoka upesi, na haya nataka yabaki mkononi mwako. Ukiyasahau, yasome tena.

Mkwe wangu kaniambia Jumatatu unarudi ofisini baada ya upasuaji wa kichwa. Kaniambia na sababu: mshahara umeanza kuja nusu, na kodi ya nyumba inakaribia. Nimekuelewa, baba, na sitakuzuia. Kazi yako unaipenda, na kukaa ndani kutwa nako kunaumiza. Ila nakuomba jambo moja: usirudi kwa kujificha. Usivae kofia ya kufunika mshono ukaingia na kusema, "Nimepona, leteni kazi." Uvimbe umetoka, na majibu ya kile kinyama yalisema ni meninjioma ya daraja la kwanza, umeota kwenye utando unaofunika ubongo, si saratani. Alhamdulillahi. Lakini daktari pale MOI, taasisi ya Muhimbili, hakusema umepona. Alisema unaendelea kupona, nami nilikuwepo nikamsikia.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu mwone bosi wako, ukae naye, umweleze. Nenda na barua ya daktari. Mwombe uanze kwa nusu siku, saa tatu mpaka saa saba, halafu muongeze mkiona mwili unakubali. Hilo ni la kuomba na kuelewana, basi liwekwe kwenye maandishi. Likizo ya ugonjwa ndiyo haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Wewe uko kwenye hizo za pili, na hazijaisha. Usizione kama hisani ya mtu. Ile nusu inayopungua, mimi na dada zako tumeshaizungumza. Kwenye kodi tutasaidiana. Usinibishie katika hili.

Nimesema saa tatu kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi. Alfajiri unajua watu wanavyosukumana mlangoni, na kiwiko hakichagui kichwa chenye mshono. Hata saa mbili na nusu, usipandie hapo kituo cha Korogwe. Rudi kwanza Kimara Mwisho ugeuze nalo, upate siti. Bodaboda usipande kabisa. Gari usiendeshe mpaka daktari atakapokuruhusu.

Sasa uchovu. Watu watakuona unatembea, unacheka, nywele zinaota, watasema mbona mzima. Hawatakuwa na nia mbaya. Uchovu wako hauonekani kwa macho. Nilifundisha sayansi miaka mingi, na darasani nilikuwa nawaambia watoto kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika. Wako umefunguliwa, umeguswa, bado unajitengeneza, na juu yake unauletea simu zinazolia, madereva wa malori wanaogomba, kompyuta, na joto la mjini. Ukiona maneno yanakwama, au umesoma mstari mmoja mara tatu, au umeanza kumkaripia mtoto wa watu bila sababu, huo si uvivu wala tabia mpya. Ubongo umechoka. Inuka, tafuta chumba kisicho na kelele, zima simu, jilaze hata dakika ishirini. Fanya hivyo mapema. Ukisubiri mpaka uishiwe kabisa, kesho yake nzima utakuwa kitandani.

Najua namba za makontena unazonakili kazini ndizo zinazokutisha. Uliwahi kunieleza kwamba kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba imewekwa kwa ajili ya kukagua zote zilizotangulia, maana hata aliye mzima hukosea kunakili. Basi nawe omba mwenzako apitie hati zako kabla hazijaenda forodhani. Wenye kazi hiyo walishakubali zamani kwamba namba lazima ikaguliwe. Usione haya.

Jingine ni kuanguka kifafa. Ulianguka kabla ya upasuaji, na daktari alisema hatari bado ipo. Ndiyo maana ya vile vidonge vya asubuhi na jioni. Wafundishe wenzako wawili watatu unaowaamini: wakulaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu yako, wasikubane kwa nguvu, wasikutie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na watazame saa. Zikipita dakika tano hujatulia, gari na hospitali. Waambie wasiogope kukugusa. Bado wapo watu mjini hapa wanaoamini kwamba mate ya aliyeanguka yanaambukiza, wakamwacha binadamu mwenzao chini peke yake. Inaniuma sana, na sitaki imani hiyo imkute mwanangu.

Vidonge usivikatishe kwa sababu umejisikia vizuri. Shangazi yako atakuletea kombe, yale maji ya aya. Kunywa, dua ni dua, lakini kidonge kiko pale pale kwa saa yake. Ramadhani ikifika, usifunge kabla hujamuuliza daktari. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, aya iko wazi katika Suratul Baqara. Kukosa usingizi nako huchochea kuanguka, kwa hiyo mpira wa usiku wa manane waachie wenzako.

Jumatatu jioni nipigie. Usiniambie "safi tu, mama." Niambie ulichoka saa ngapi, nini kilikuchosha, neno gani lilikwama. Nitayaandika kwenye daftari kila siku, na siku ya kliniki na kipimo cha MRI nitakuja nalo, daktari alitazame kisha aseme kama uongeze saa za kazi au upunguze.

Mama yako