Kijana akikwama kwenye benchi msimwambie hana mwili

Ndugu mhariri, naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma muda mrefu na sasa limeingia mpaka ndani kwetu.

Mdogo wangu ana miaka 19 na wiki tatu sasa ameacha tizi. Alikuwa anabeba vyuma kwenye jimu moja hapa Mwanga, Kigoma, mwalimu wake akamwambia mbele ya wenzie kwamba yeye hakuzaliwa na mwili wa vyuma, asijisumbue. Kisa nini? Miezi saba analala chali kwenye benchi anasukuma chuma kutoka kifuani na bado anakwama kilo 50, wakati rafiki yake aliyeanza naye siku moja anasukuma 80. Dogo karudi nyumbani hata chakula hakugusa, nguo za mazoezi kampa mtoto wa jirani.

Basi mi nikawaita wote wawili uani, yeye na huyo rafiki yake, nikachukua futi ya fundi cherehani nikawaambia nyoosheni mikono pembeni. Dogo kimo chake sentimita 174, mikono kuanzia ncha ya kidole huku mpaka ncha ya kidole kule 187. Rafiki yake kimo 170, mikono 168, na kifua kimetuna kama pipa. Jamani, sa hapo kuna siri gani tena? Dogo akisukuma chuma kutoka kifuani kinasafiri njia ndefu kuliko cha mwenzie, kila rudio, kila siku, na bega lake linafanya kazi likiwa limevutwa nyuma zaidi. Hajashindwa kwa uvivu, na siyo kwamba hana nguvu, ila wamempima sehemu ambayo mifupa yake inamnyima.

Na hiyo mifupa ndo kitu cha kwanza tunachorithi kwenye mambo ya nguvu, watu wanadhani ni misuli tu. Kuna pale kano, ile kamba inayounga msuli na mfupa, inapojishika kwenye mfupa, ikijishika mbali kidogo na kiungo unapata nguvu zaidi kwa msuli uleule, ni kama kufungua nati kwa spana ndefu na spana fupi, mkono ni mmoja lakini kazi siyo moja. Kuna urefu wa msuli wenyewe, ndo maana wengine shavu la mguu linaishia juu kabisa karibu na goti halafu chini kano tupu, hata apande mlima kila asubuhi halijai kama la mwenzie. Afu kuna nyuzi za misuli, zipo za haraka zinazotoa nguvu ya ghafla na zipo za polepole zinazovumilia kutwa nzima, na mchanganyiko wake unatofautiana mtu na mtu, hata ndani ya mwili mmoja msuli na msuli. Kuna jeni, yaani chembe ya urithi, inaitwa ACTN3 inayotengeneza protini ya hizo nyuzi za haraka, na duniani karibu mtu mmoja kati ya watano hana kabisa hiyo protini, na anaishi vizuri tu na anabeba vyuma vyake.

Lakini hakuna jeni ya kifua wala jeni ya mgongo, naomba hilo lieleweke. Watafiti waliolinganisha mapacha wanaona karibu nusu ya tofauti za nguvu baina ya watu inatokana na kurithi, na hapo wanazungumzia tofauti kati ya mtu na mtu, siyo kwamba nusu ya nguvu yako imefungwa huwezi kuigusa.

Hapa kwetu nasikia sana vijiweni kwamba watu wa Kigoma tuna nguvu za damu, eti Muha, kabila la hapa kwetu, kazaliwa na mgongo. Mi nimebeba magunia bandarini miaka sita, nawaambia mgongo wangu niliupata pale. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalia usiku, mwezi wa tatu gunia lilelile naliweka begani naongea na simu, na mwili ulikuwa haujanenepa hata kidogo, kwa sababu mwanzoni kinachokua siyo msuli, ni mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Misuli inafuata baadaye. Angalia wavuvi wa Katonga wanaovuta nyavu usiku kucha, viganja na mgongo havina mpinzani, ila mweke kwenye skwati, achuchumae na kuinuka na chuma begani, uone magoti yanavyotetemeka. Halafu angalia vijana wanaopandisha madumu ya mawese kwa baiskeli, mapaja ni mawe, mikono ya kawaida tu. Wote watoto wa Kigoma hawa, kabila moja na pengine mama mmoja. Kazi ndo imechagua.

Mfano wa nje nao upo. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, kimo chake hakikufika mita moja na nusu, mwaka 1988 kule Seoul aliinua kilo 190 juu ya kichwa akishindana uzito wa kilo 60. Na Mmarekani Lamar Gant, uzito huohuo wa kilo 60 hivi, uti wa mgongo umepinda na mikono mirefu inakaribia magoti, mwaka 1985 alivuta kutoka chini karibu kilo 300, mara tano ya mwili wake, maana kwenye kuvuta mikono mirefu inafupisha safari ya chuma. Huyo Gant angeangukia kwa mwalimu wa dogo angeambiwa akauze dagaa.

Sisemi mwenye mikono mirefu aache kifua, hapana. Asukume dambeli, apunguze kilo ashuke taratibu, na asilinganishe namba yake na ya jirani. Ninachoomba walimu wa jimu zetu, kabla hamjamwambia mtoto hana mwili mpimeni mikono, mpimeni mapaja, mpeni angalau miezi ya kuvuta na siyo kusukuma tu, maana nimeshaona vijana waliokatishwa tamaa hivohivo wakaishia kununua sindano za kukuza misuli za uchochoroni wasizojua zina nini.

Jumamosi nilimpeleka dogo Kibirizi kwa jamaa zangu, wana vyuma vya zege walivyomwaga kwenye makopo ya rangi na bomba la maji katikati, tukavipima kimoja kimoja kwenye mizani ya dagaa ili asije mtu akabisha. Dogo alivuta kilo 130 kutoka chini mara tatu, mgongo umenyooka. Rafiki yake, yule wa benchi, alikwama 110 na ndo alikuwa wa kwanza kumpigia makofi. Nguo za mazoezi tumeshazidai kwa jirani, Jumatatu narudi naye jimu, na futi nimeiweka mfukoni.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma