Tulio kwenye mashirika Kigoma, tujitathmini wenyewe kabla mkataba haujaisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tunaofanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali huku Kigoma, kuanzia mjini mpaka Kasulu, Kibondo na Kakonko. Desemba ndo hii imefika, wengi mikataba inaisha tarehe 31, na ukipita maofisini stori ni moja tu, mfadhili anaongeza au haongezi.

Mwaka 2025 si tuliona wote. Januari 20 rais wa Marekani kasaini amri, misaada ikasimamishwa, na kufika Julai USAID yenyewe, lile shirika la misaada la Marekani, haipo tena. Na kabla ya hapo, 2021, kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilifungwa na miradi yake ikaisha. Kinachoniuma zaidi siyo hata kazi kuisha, maana mradi ni mradi una mwisho wake, kinachoniuma ni mtu aliyepiga kazi fildi mvua na jua halafu anaingia kwenye intavyuu anaulizwa mwaka jana ulifanya nini, anajibu "nilishiriki katika shughuli za mradi", basi, kanyamaza. Kazi amefanya kweli, ila hana pa kuishikia.

Sasa wengine watasema tathmini si tunafanyiwa kila mwaka na HR, wale wa utumishi. Ndiyo, lakini ile fomu inauliza malengo ya mradi yamefikiwa asilimia ngapi, bosi anasaini, inaingia kwenye faili, na shirika likifunga ofisi faili linaondoka nalo. Ile ni ya mradi. Ya kwako kaa chini uiandike mwenyewe, kwenye daftari lako, siyo kwenye laptopu ya ofisi ambayo utairudisha.

Chukua ripoti zako za kila mwezi upitie taratibu. Usiandike "nilihamasisha lishe". Andika kwamba uliwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kupima watoto kwa ule mkanda wa kuzungushia mkono wa juu, wakajua kwamba chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mtoto huyo anatakiwa kituo cha afya haraka, andika walikuwa wangapi, vijiji gani, na baada ya mafunzo nini kilibadilika. Hapo mtu akisoma anakuona ukiwa kazini. Ila chonde chonde, chukua idadi tu, majina ya wanufaika usiyaguse, hasa ya wakimbizi, yale ni maisha ya watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Halafu kuna hili la lugha, watu wa huku tunalidharau sana. Mtu wa Kasulu anaongea Kiha, akiingia kwenye kambi ya wakimbizi anaelewana na Warundi bila shida, anamtafsiria daktari, anatuliza ugomvi kwenye foleni ya mgao, bosi kutoka Dar anamtegemea yeye siku nzima, na kwenye CV yake kaandika Kiswahili na Kiingereza tu! Kwa nini? Hiyo ni kazi ya ukalimani na usuluhishi kabisa, iandike. Na kama mwaka huu umeona Kifaransa kimekukwamisha na Wakongo wa kambi ya Nyarugusu basi hilo ndo la kuanza nalo Januari, moja hilo hilo, siyo kujipangia mambo kumi.

Jiulize pia kama hii kazi bado unaitaka au unafuata posho ya safari tu. Jibu lolote ni sawa ila ulijue mapema.

Na barua ya mapendekezo kutoka kwa meneja iombe sasa akiwa bado yupo, hawa watu wanahamishwa, ukimtafuta Machi utaambiwa yuko Sudan Kusini na namba ile haipatikani.

Kwa mameneja ombi langu ni dogo, wiki ya mwisho kabla ya likizo wapeni watu nusu siku bila kikao wala ripoti, na wanaojitolea nao muwahesabu, wale ndo wanaondoka na kumbukumbu kidogo kuliko wote.

Mfanyakazi wa shirika,
Gungu, Kigoma