Kilichomtoa Robeson kwenye sinema ni mkasi

Kwa Mhariri,

Makala yenu ya burudani kuhusu Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, ilikuwa na nia njema, lakini iliacha mambo mawili yamepinda. Ilisema Robeson aliigiza na Mzee Jomo Kenyatta filamu iliyopigwa huku kwetu, na kwamba serikali ya Marekani ndiyo iliyomkatizia kazi ya sinema kwa kumnyang'anya pasipoti. Kwa kuwa wapo wenye vilabu vya filamu hapa Nairobi wanaotafuta kazi zake, ni vyema mambo haya yanyooshwe kabla ya projekta kuwashwa.

Tuanze na tarehe. Pasipoti ilichukuliwa 1950, na hakuipata tena hadi 1958. Filamu ya mwisho aliyoigiza, Tales of Manhattan, ni ya 1942, miaka minane kabla ya hapo. Alikuwa na umri wa miaka 44 na sauti yake ingali ngurumo. Mwaka uliofuata alipanda jukwaani Broadway, mtaa wa maigizo New York, kama Othello wa Shakespeare na mchezo ukaonyeshwa mara 296. Pasipoti ilimfungia matamasha ya ng'ambo. (Hata hapo hawakumnyamazisha: mwaka 1957 aliwaimbia wachimba makaa ya mawe wa Wales kupitia waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki, yeye akiwa New York.) Sinema alikuwa ameiacha mwenyewe zamani, na sababu ni mkasi: karibu kila alichoigiza kilikatwa na kuungwa upya na mtu mwingine, kwa maana ambayo yeye hakuikusudia.

Filamu yake ya kwanza ni Body and Soul, 1925, ya mwelekezaji mweusi Oscar Micheaux. Robeson alikuwa na miaka 27, mwana wa mchungaji aliyetoroka utumwani, na miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu apate shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Columbia. Aliigiza watu wawili ndani ya filamu hiyo moja: mhubiri tapeli, na ndugu yake aliye mpole. Wakaguzi wa New York waliikataa, Micheaux akaihariri tena na tena, ikashuka kutoka rili (magurudumu ya mkanda) tisa hadi tano. Ndiyo maana hadithi inarukaruka na mwisho wake ni ndoto. Watazamaji wakinung'unika kwamba hawaelewi, waelezeni habari ya wakaguzi. Mwigizaji hana kosa.

Hii ni filamu bubu, na hapo ndipo wengi huiharibu. Mkanda wa milimita 35 una picha 16 katika kila futi, kwa hiyo rili ya futi 1,000 ina picha 16,000. Ukiipitisha kwa picha 16 kwa sekunde, itachukua dakika 16 na sekunde 40. Ukiipitisha kwa picha 24, ambayo ndiyo kasi ya filamu zenye sauti, inaisha kwa dakika 11 na sekunde chache, na watu wanatembea kama kuku waliofukuzwa. Nakala nyingine za kompyuta zimesharekebishwa, nyingine hazijaguswa. Tazama mtu akitembea au akinywa maji. Akionekana ana pupa, punguza kasi hadi 0.8 au 0.75, uzime muziki wake maana utaburutika, kisha uweke wako. Maandishi yanayokatiza picha yasomwe kwa sauti kwa Kiswahili. Wale vijana wa kusimulia filamu katika vibanda vya video wana kipaji hasa cha kazi hii, mradi wasiongeze vichekesho vyao.

The Emperor Jones ya 1933 ina sauti, na mkasi wake ni wa aina nyingine. Fredi Washington, aliyeigiza mpenzi wake, alikuwa mweusi mwenye ngozi nyeupe sana. Wakaguzi waliogopa watu wadhani Robeson anamkumbatia mzungu, wakataka matukio yake yapigwe upya akiwa amepakwa rangi ya kumtia weusi. Ukimtazama usoni kwa makini utaiona hiyo rangi. Tena kuna mahali mfungwa Jones, ambaye ndiye Robeson, anamgeukia askari wa gereza na sepetu: pigo lenyewe halionekani, picha inaruka. Usidhani nakala yako ni mbovu. Hata Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoirudisha filamu hii katika hali yake, si kila kipande kilipatikana.

Sasa ile ya Mzee. Sanders of the River ya 1935 inatokana na hadithi za mwandishi Mwingereza Edgar Wallace ambazo mto wake uko Afrika Magharibi. Mwelekezaji Zoltan Korda alipeleka kamera Afrika kupiga ngoma na mandhari, lakini Robeson alipigwa picha studioni Shepperton, karibu na London. Kenyatta alikuwa akiishi London wakati huo, naye alikodiwa pamoja na Waafrika wengine kujaza kijiji cha studio, akapewa sehemu ndogo ya chifu. Anayemtafuta Mzee akipeana maneno marefu na Robeson atatafuta hadi taa za ukumbi ziwashwe.

Ukitaka kuona mshono kati ya picha za Afrika na za studio ulipo, angalia mwanga. Wachezaji ngoma wa kweli wana jua la utosini na kivuli kifupi miguuni. Robeson ana taa za pembeni na kivuli kinacholala. Ni mara chache sana wao na yeye kuonekana ndani ya picha moja. Nyimbo zake za kupiga kasia nazo ni za Mischa Spoliansky, mtunzi wa Ulaya. Robeson, aliyekuwa akisoma Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu chuoni London miezi hiyohiyo, alidhani anapeleka utamaduni wa Afrika kwenye skrini kwa heshima. Baadaye alieleza kwamba mambo ya kuutukuza ukoloni yalichomekwa siku tano za mwisho za upigaji picha. Filamu inafunguka kwa maandishi ya kuwasifu wazungu wachache wanaolinda himaya. Aliichukia tangu hapo, na kwa Song of Freedom, 1936, alidai haki ya kuidhinisha filamu iliyokamilika, akapewa. Kwa maoni yangu, klabu yenye jioni moja tu ionyeshe hizi mbili, Sanders kwanza, hata kama zitakula zaidi ya saa mbili na nusu. Kuonyesha Sanders peke yake kwa sababu ya sura ya Kenyatta ni kumtukana Robeson mara ya pili.

The Proud Valley ya 1940, inayohusu wachimba makaa wa Wales, aliipenda kuliko nyingi, ingawa vita vilipozuka mwisho wake ulibadilishwa: wachimbaji waliokusudiwa kuufungua mgodi wao wenyewe sasa wanakwenda London kuwaomba wenye mali. Halafu ikaja Tales of Manhattan, ambamo yeye na Ethel Waters ni wakulima maskini wanaopiga magoti mbele ya pesa zilizoanguka kutoka kwenye ndege. Alisema waziwazi kwamba yuko tayari kusimama nje na wanaoipinga. Hollywood hakurudi.

Kuhusu vifaa: filamu hizi zote zina umbo la 4:3, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu. Ukiiacha projekta kwenye 16:9 na kujaza kitambaa, picha inatanuka upana kwa theluthi moja, na Robeson, aliyekuwa na kimo cha futi sita na inchi tatu, anakuwa pipa. Ingia kwenye menyu uchague 4:3. Kwa kitambaa cha mita mbili kwenda juu, picha iwe mita 2.67 upana, na weusi wa pembeni uachwe. Spika za kompyuta ndogo hazibebi sauti nzito ya Robeson, kwa hiyo tafuteni spika kubwa. Mkwaruzo ukizidi, punguzeni kidogo sauti za juu. Mkizidisha, maneno yanamezwa.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 filamu hulindwa miaka 50, kwa hiyo hizi zimeshatoka kwenye ulinzi huo, ila muziki mpya uliotungiwa nakala za siku hizi una mwenyewe. Kibali cha kuonyesha hadharani bado kinatoka kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, nacho kiombwe mapema, kabla ya mabango kuchapishwa.

Mtazamaji wa filamu za kale,
Ngara, Nairobi