Petroli si dizeli, Mhariri

Mhariri,

Safu yenu ya maneno imesema petroli na dizeli ni maneno ya Kigiriki. Mimi najaza mafuta kwenye sheli moja hapa Msamvu, Morogoro, na ujanani nilipitia seminari ndogo, tulikokaririshwa Kilatini mpaka tukakiota. Naomba nafasi kidogo.

Petroli inatokana na petroleum, neno la Kilatini cha zama za kati. Petra ni mwamba, oleum ni mafuta. Mafuta ya mwambani, maana watu waliyaona yakichuruzika kwenye nyufa za mawe karne nyingi kabla visima havijachimbwa. Petra hiyo Walatini waliichukua kwa Wagiriki nzima nzima. Hata oleum asili yake ni hukohuko, kwenye neno la Kigiriki la zeituni, kwa kuwa mafuta waliyoyajua wao yalikuwa hayo. Hapo basi hamkukosea sana, mmeruka Kilatini tu.

Bodaboda wakijipanga Jumanne ile ya mwisho kabla EWURA, mamlaka ya nishati, haijatangaza bei mpya, hunitania: "Mzee wa misa, tupe mafuta ya mtume Petro!" Wanacheka, kumbe wamegusa penyewe. "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu," Mathayo 16:18. Anayesoma kwa Kigiriki husikia neno moja likichezewa. Kwa Kiswahili utamu huo umetupita.

Dizeli ndipo mlipoteleza. Hilo ni jina la ukoo la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyebuni injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila plagi. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, hakufika.

Kigiriki halisi mngekipata kwenye mafuta ya taa. Abraham Gesner wa Kanada aliyaita kerosini mwaka 1854, kutokana na keros, yaani nta. Na gesi ya mitungi tunayouza pembeni? Van Helmont, mwanakemia aliyefariki 1644, aliliunda neno hilo kutokana na khaos, vurugu. Njooni jioni wateja wakigombania mtungi wa mwisho, mtamwelewa.

Sahihisheni dizeli. Kisha mtuandikie kuhusu sheli yenyewe, maana Shell, kampuni iliyotuachia jina hilo, chimbuko lake ni duka la London lililokuwa likiuza makombe ya baharini.

Mjaza mafuta,
Msamvu, Morogoro