Mliowekewa diski bandia shingoni, pigeni picha tena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa afya, aliyetueleza hivi karibuni kuhusu operesheni ya kuweka diski bandia shingoni, yaani kifaa kinachochukua nafasi ya diski, ule mto laini ulio kati ya pingili (mifupa) za shingo, ukiharibika. Operesheni yenyewe aliieleza vizuri na nampongeza. Ila alimaliza kwa kusema kwamba mgonjwa akishatolewa nyuzi na maumivu yakiisha, basi habari ya shingo imekwisha. Hapo sikubaliani naye. Mimi kifaa hicho ninacho tangu Aprili 2014, na habari yake bado inaendelea.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za eksirei. Nilianza mwaka 1987 nikiwa na miaka 22, nikastaafu 2025 hapa hapa Tanga. Miaka yote hiyo nimevaa aproni ya risasi, yaani ya madini mazito yanayozuia mionzi, inayoning'inia mabegani, nikiinua wagonjwa kuwapandisha mezani na kunyoosha mikono juu kushusha mashine. Wenzangu wa kazi hii wanajua shingo na kiuno vinavyolipa. Mwaka 2013 kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kufa ganzi, kikafuata cha shahada. Usiku nililala nimeuweka mkono juu ya kichwa, kwa kuwa mkao huo tu ndio uliopunguza maumivu. Siku nilipoangusha kaseti ya filamu ya eksirei mbele ya mgonjwa, mkono ukiwa hauna nguvu kabisa, nikajua sasa ni hospitali kwa upande mwingine wa meza.

MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, niliyopigwa Dar es Salaam ilionyesha diski iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita imechomoka na kubana mshipa wa fahamu. Nikafanya mazoezi ya viungo miezi minne, nikavaa kola, nikameza dawa. Mkono ukazidi kukonda. Tukauza kiwanja cha Pongwe, mke wangu na mimi, nikaenda Chennai, India.

Kule daktari alinipa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, inayofanywa tangu miaka ya 1950: kuingia kwa mbele ya shingo, kutoa diski iliyoharibika, kuweka kipande cha mfupa mahali pake na kuziacha pingili mbili zishikane ziwe mfupa mmoja. Ya pili ni kutoa diski vilevile, lakini mahali pake kuwekwa kifaa chenye mabamba mawili ya chuma na plastiki ngumu katikati, ili shingo iendelee kujikunja pale pale. Wazo hilo si jipya. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Ulf Fernström, aliwawekea watu gololi za chuma kati ya pingili, nazo zikadidimia ndani ya mfupa. Ilichukua muda mrefu kupata umbo linalokaa. Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha shingo mwaka 2007.

Kwa nini watu walihangaika kutafuta kitu cha kujongea wakati kuunganisha kunaponya? Sababu ni pingili jirani. Ukizishikanisha mbili, za juu na za chini yake ndizo zinazobeba mwendo uliopotea. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 374 waliounganishwa pingili za shingo na kufuatiliwa kwa miaka mingi: kila mwaka karibu asilimia 2.9 yao walipata ugonjwa mpya kwenye pingili jirani, na kwa hesabu yao, ndani ya miaka kumi mtu mmoja kati ya wanne angefikwa. Wodini Chennai nililala kitanda cha jirani na mzee mmoja wa Mombasa aliyeunganishwa. Tumeendelea kupigiana simu kila Idi. Mwaka wa saba pingili ya juu yake ikaharibika, akafunguliwa tena. Sisemi hivyo kuthibitisha lolote, maana mtu mmoja si utafiti, na shingo huzeeka hata isipoguswa. Nasema kwa sababu ndicho kilichonifanya nianze kusoma.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye anayenitafutia makala na kunisaidia pale Kiingereza cha kitabibu kinaponishinda. Matokeo ya miaka saba ya kifaa kile cha kwanza cha Marekani yalichapishwa 2014, mwaka ule ule niliofanyiwa mimi. Watu 541 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa diski, wengine wakaunganishwa. Waliofunguliwa tena kwa ajili ya pingili jirani walikuwa asilimia 4.6 upande wa diski na asilimia 11.9 upande wa walioungwa. Kifaa kingine kilifikishwa miaka kumi, na matokeo yake yakatoka 2019: waliohesabiwa kufanikiwa kwa vipimo vyote ni asilimia 81.3 wenye diski, na asilimia 66.3 walioungwa. Ila katika utafiti huo huo, waliorudi kufunguliwa pingili jirani walikuwa asilimia 9.7 dhidi ya 15.8, na wenyewe waandishi walisema tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitegemea.

Namba hizo zinanipa moyo, lakini zisomwe kwa makini. Tafiti za Marekani zilifanywa ili vifaa vipate kibali cha kuuzwa, na watengenezaji walikuwa na mkono ndani yake. Zaidi ya hapo, anayeamua mgonjwa arudi mezani ni daktari anayejua fika alichomwekea. Mgonjwa aliyeungwa na bado ana maumivu ni rahisi kumrudisha, utamkuta mfupa haujashika, utamwongezea bamba. Uholanzi walipowachunguza watu 109 bila wagonjwa kujua wamefanyiwa nini, na utafiti ule kuchapishwa 2019, baada ya miaka miwili hawakukuta tofauti kati ya waliowekewa diski na wengine. Miaka miwili ni michache kwa shingo. Hata hivyo ningependa mtu anayeuza kiwanja ayajue yote mawili kabla hajauza.

Kwangu mimi mkono ulipona. Ganzi ya gumba iliondoka ndani ya wiki mbili, ya kidole cha shahada ikachukua miezi saba. Sauti ilikwaruza wiki sita, na ugali ulinikwama kooni nikawa nakula uji na mtori. Kovu liko upande wa kulia wa koo, limejificha ndani ya mkunjo wa ngozi, hata kinyozi wangu halioni. Nilirudi kazini katika mwezi wa nne baada ya operesheni na nikafanya kazi miaka kumi na moja zaidi. Nisingeificha neema hiyo.

Sasa nije kwenye picha. Diski inayojongea haipimwi kwa picha ya kusimama wima. Inatakiwa picha mbili za ubavu: moja kidevu kimeshushwa kifuani, nyingine kichwa kimerudishwa nyuma. Ukizilinganisha unaona kama mabamba mawili ya chuma yanafungua na kufunga. Ninazo seti tatu. Mwezi uliopita nilizibandika kwa selotepu kwenye dirisha la sebuleni asubuhi, jua likiwa upande huo, nikachukua penseli ya nta na protrakta ya mjukuu wangu. Nikachora mstari juu ya bamba la juu na mwingine chini ya bamba la chini, kwenye kila filamu, nikapima pembe inavyobadilika kutoka picha ya kuinama hadi ya kurudisha kichwa nyuma. Ya 2014, wiki sita baada ya operesheni, ilinipa nyuzi 9 za mwendo. Ya 2019 ikanipa 7. Ya 2025 ni nyuzi 4.

Na kwenye hiyo ya mwisho, nyuma ya kifaa, upande unaotazama uti wa fahamu, kuna weupe mwembamba kama kucha iliyokatwa. Mwanafunzi angeupita. Ni mfupa unaoota pasipotakiwa. Jambo hilo linajulikana sana kwa wenye diski hizi, na madaktari wana madaraja yake tangu 2003, kutoka sifuri hadi la nne. La nne maana yake mfupa umevuka na kuzishika pingili zote mbili, yaani umerudi kule kule kwenye kuunganishwa ulikokukimbia. Mimi nipo la pili kwa jicho langu, na daktari wa mifupa hapa alikubaliana nami. Mkono hauumi, maana mshipa uliobanwa ulishaachiwa, na wengi wenye mfupa huo hawahisi kitu. Lakini kama nilichonunua kwa kiwanja kile ni mwendo, ni haki yangu kujua umebaki kiasi gani.

Kuna baya zaidi ya hilo. Kwa wagonjwa wachache imeonekana mfupa unaokizunguka kifaa unalika miaka kadhaa baadaye, kwa sababu ya unga wa plastiki inayosagika. Mtu anaweza kukaa hana maumivu huku kifaa kinalegea. Hilo huonekana kwa picha, na likiwahiwa lina utatuzi.

Sasa kuhusu kilichonisukuma kuandika. Mwaka 2021 nilianguka na bodaboda. Hospitali niliyopelekwa ilitaka kunipiga MRI kuangalia uti wa fahamu, wakaniuliza shingoni mna chuma gani. Swali ni la haki kabisa, mimi mwenyewe nimewauliza watu maisha yangu yote. Nikatoa karatasi za India. Zimeandikwa kwamba nimewekewa diski bandia ya shingo, moja. Hakuna aina, hakuna saizi, hakuna namba ya toleo, hakuna madini. Chuma cha pua, titani na kobalti havifanani ndani ya sumaku. Vingine huacha doa jeusi kubwa linalofunika kile unachotafuta. Nililala siku mbili na kola shingoni, binti akipiga simu Chennai, mpaka karatasi ya chumba cha upasuaji ikapatikana na kutumwa. Ni titani na poliethilini, yaani ile plastiki ngumu. Namshukuru Mungu uti ulikuwa salama. Lakini zilikuwa siku mbili, na mimi ni mtu wa fani hiyo mwenye binti muuguzi. Aliyetoka kijijini bila hata bahasha angefanyaje?

Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu arudi kwenye mada na awaambie wasomaji hivi: kabla ya kuondoka hospitali, ndani au nje ya nchi, dai kadi yenye jina la kifaa, saizi, namba ya toleo na madini yake. Vile vibandiko vidogo vinavyotoka kwenye kasha la kifaa hubandikwa kwenye faili, omba kimoja. Omba na filamu za mwanzo, kwa sababu bila ya kwanza, ya kumi haina cha kulinganishwa nacho. Na hospitali zetu za rufaa zifungue daftari la watu waliorudi na vifaa hivi shingoni, ziwaite baada ya miaka miwili, mitano na kumi, hata kama hawaumwi. Fomu za kuombea eksirei nilizopokea kwa miaka 38 hazikuwa na mstari wa kuandika kwamba mgonjwa ana kifaa. Kuongeza mstari hakugharimu chochote.

Binti ameshanipangia picha nyingine mwezi Juni. Nitakwenda na bahasha yangu yenye seti zote tatu, na kijana atakayenipiga nitamwomba anishushe kidevu mpaka kiguse kifungo cha juu cha shati, kwa sababu ile ya 2019 sikuinama vya kutosha na kipimo chake sikiamini sana.

Mpiga picha za eksirei mstaafu,
Tanga