Mdogo wangu, aibu ile haikuwa yako kuisimulia

Mdogo wangu mpenzi,

Uliposimama madhabahuni mara ya kwanza nililia kwa furaha. Una sauti ya Baba. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ulilolisema ulilisema mbele za watu.

Somo lako Jumapili ile lilikuwa Luka 15, mwana mpotevu. Ulilieleza vizuri, kisha ukaingia kwenye miezi ya mwisho ya Baba: matusi yake, kilio chake cha usiku, jinsi alivyokufukuza kitandani pake. Ukamaliza kwa kusema umemsamehe. Watu wakaitikia amina.

Mimi nilikuwa nimekaa na Mama. Alijivuta kanga mpaka machoni. Mkononi alikuwa na bahasha ya sadaka. Akaikunja, akaikunja tena, na sadaka ilipopita hakuitoa. Vipaza sauti vilikuwa vinasikika mpaka nje, barazani kwa majirani zetu Waislamu, wale wale waliokuja kutuzikia. Sisi Wakristo wa Unguja tu wachache, kila mtu anamjua baba wa kila mtu.

Sisemi mhubiri asijitaje. Paulo alijitaja, Yerusalemu mbele ya umati na tena mbele ya mfalme Agripa. Lakini tazama alichokifunua: kwamba yeye ndiye aliyezilinda nguo za waliomuua Stefano. Alipofika kwenye habari ya kunyakuliwa kwake mpaka mbingu ya tatu, akasema tu, "Namjua mtu mmoja katika Kristo." Aibu aliitaja kuwa yake, utukufu akausogeza kando. Wewe, mdogo wangu, aibu ulimpa Baba, sifa ukaibakisha kwako.

Na Baba alijua kushuhudia! Unakumbuka alivyotupeleka kanisa kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, akatuonyesha altare iliyowekwa pale penye mti waliofungiwa watumwa wakichapwa? Alitueleza wazee wake waliokombolewa, wakaishi Mbweni, kisha akatueleza hasira aliyokuwa nayo yeye ujanani na ilivyomtoka. Hasira yake. Hakumvua nguo mzee yeyote ili sisi tujifunze.

Nasikia unasema nilitoka kanisani kwa kiburi. Nilimtoa Mama, magoti yalikuwa yanamtetemeka. Usisahau pia nani aliyemgeuza Baba kitandani na kumfulia mashuka, wewe ukiwa bara. Siri ya maiti aijuaye mwosha; ningetaka kusimulia ningekuwa na mengi kuliko yako, na mengine yanakuhusu. Nimenyamaza kwa sababu wewe ni damu yangu.

Endelea kuhubiri. Dhambi zako mwenyewe zinatosha mahubiri ya mwaka mzima, na watu watakupenda zaidi. Lakini Mama yu hai: kabla hujataja tena habari za nyumba yetu, muulize yeye kwanza. Kwanza njoo umwombe radhi. Hajakununia. Jana tu aliniuliza kama kile kikohozi chako kimepona, nikakosa la kumjibu.

Dada yako