Barafu ndani ya Kabureta, Hata katika Joto la Unguja na Pemba

Baadhi ya wateja wanaoleta ndege zao katika karakana yetu hucheka tunapowauliza ni lini mara ya mwisho walikijaribu kitasa cha hewa ya moto ya kabureta (kile kinachopeleka hewa ya moto kuyeyusha barafu ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli ya injini), kwa kuwa wanaamini kwamba barafu ni tatizo la marubani wa Ulaya. Imani hiyo ni ya hatari. Barafu ya kabureta haisubiri baridi ya nje. Inataka unyevu, na unyevu hauadimiki visiwani, sembuse wakati wa masika.

Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta hutanuka, na petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, kiasi kwamba mle ndani joto linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi. Hatari huzidi rubani anapopunguza nguvu ili ashuke. Tuseme ameshaipita Nungwi, yuko juu ya maji, anaanza kuteremka kuelekea Chake Chake: mizunguko ya pangaboi inapungua bila yeye kugusa kitu, kisha injini inaanza kukohoa. Hapo akivute kitasa chote, si nusu. Injini itakohoa zaidi kwa muda, kwa sababu barafu iliyoyeyuka inapita ndani yake ikiwa maji, na wapo wanaobabaika wakakirudisha kitasa wakati huo huo ambapo dawa imeanza kufanya kazi. Lililo bora ni kukivuta kabla ya kupunguza nguvu.

Hewa hiyo ya moto hutoka kwenye kasha linalozunguka bomba la moshi, na hufika kwenye kabureta kwa mpira ambao hupasuka na kwa waya ambao chumvi ya bahari huutia kutu. Ndiyo maana sisi huvikagua vyote viwili kila ndege inapoletwa kwa ukaguzi. Mwenyewe nawe, kabla ya kuruka, vuta kitasa na utazame mizunguko: ni lazima ipungue kidogo. Isipopungua, hewa ya moto haifiki, na ndege hiyo isiruke. Usikiache wazi ukiwa chini, maana hewa hiyo haipiti kwenye chujio, na vumbi litaingia kwenye injini.

Ndege ndogo za Cessna 172 zilizotengenezwa tangu 1996 hazina kabureta, ila maji katika tangi hayachagui injini. Tangi lililolala nusu tupu hukusanya umande, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutua chini. Toa mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo kila asubuhi na kila baada ya kujaza, ukiinue kwenye mwanga, utafute tone linalotembea chini ya rangi ya buluu ya petroli. Ukiona kikombe kizima ni cheupe hakina mstari wowote, usifurahi. Kinuse kwanza, kwani huenda yote ni maji.